Mjusi wa Mwanza, kobe wa Busisi na picha zangu saba

Nimekuwa kimya siku nyingi, wasomaji wangu, na kama kawaida yangu nitasingizia kazi. Safari hii kazi yenyewe ndiyo iliyonitia adabu, kwa hiyo ngoja niisimulie, nanyi mcheke mkitaka.

Jumapili moja nilimchukua mpwa wangu wa darasa la tano tukaenda Saanane. Kwa wale msioijua Mwanza, hiki ni kisiwa cha mawe ndani ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mji, boti kutoka Capri Point haichukui hata robo saa. Kilikuwa cha Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, mpaka mwaka 1964 serikali ilipokichukua ikamlipa fidia na kuanzisha pale bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Wakaletwa nyati, pundamilia, tembo, hata faru. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, na humo maji yamehesabiwa. Mpwa wangu alikuwa na matumaini ya simba. Mimi nilikuwa na matumaini ya kivuli.

Tuliona swala pala, tumbili, na pimbi walioanikwa juu ya mawe kama nguo. Lakini waliokubali kupigwa picha siku ile walikuwa watambaazi. Nilirudi na picha saba za maana kwenye simu, na kwa kila moja mtoto aliuliza, "Mjomba, huyu anaitwaje?" Mwandishi wa habari akiulizwa na mtoto huwa hapendi kusema hajui. Kwa hiyo nilijibu. Mjusi wa rangi mbili juani nikamwita mjusi kafiri. Yule wa kahawia aliyekuwa karibu naye nikamwita mjusi wa kawaida. Kitu kirefu kilichokuwa kikiogelea kando ya mawe nikakiita mtoto wa mamba. Na kile kilichojibana ndani ya ufa wa jiwe, ambacho askari wa hifadhi alituonyesha kwa kidole bila kusema mengi, nikasema ni kobe mdogo, bado hajakua.

Majibu manne, makosa manne.

Ningebaki na makosa yangu nyumbani ingekuwa nafuu. Lakini wiki ile ukurasa wa mwisho wa gazeti ulikuwa na nafasi, mhariri akataka picha ya kufurahisha jicho, nami nikatoa ile ya mjusi: kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, mwili na mkia buluu. Chini yake nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mjusi kafiri akiota jua Saanane." Ikachapwa.

Siku ya pili simu ikaita. Namba siifahamu, sauti ya mtu mzima.

"Wewe ndiye uliyeandika chini ya picha ya mjusi?"

"Shikamoo mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Sasa mwanangu, mjusi kafiri anakaa wapi?"

"Nyumbani, mzee. Ukutani."

"Saa ngapi?"

"Usiku. Kwenye taa."

"Anakula mbu kwenye taa. Huyu wako umemkuta saa ngapi?"

Nilinyamaza. Nilimkuta saa sita na nusu mchana, kwenye jiwe ambalo ungeweza kukaangia yai.

Mzee yule, ambaye aliongoza wageni kwenye hifadhi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo mjusi ana jina la mji wako. Tafuta." Akakata simu.

Basi nikatafuta, na nikapoteza usingizi wa siku kadhaa. Haya niliyoyakuta ndiyo nataka kuwapa leo.

Mjusi yule kwa jina la kitaalamu ni Agama mwanzae. Naam, mwanzae, wa Mwanza. Aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1923 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyezaliwa Wales mwaka 1891. Loveridge alifika Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho, na vita vya kwanza vikamkuta huku huku. Akawa askari upande wa Waingereza katika kampeni ya kumfukuza Mjerumani, na inaelekea alikuwa askari wa ajabu kidogo, maana wenzake wakichimba mahandaki yeye alikuwa akitazama kilichotoka kwenye udongo. Baada ya vita alifanya kazi idara ya wanyamapori Tanganyika, na mwaka 1924 akaenda Marekani, makumbusho ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 1957. Mwaka huo huo alitoa orodha yake kubwa ya watambaazi na amfibia wa Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1980 katika kisiwa cha Saint Helena.

Sasa sikilizeni jinsi alivyomwita mjusi wetu. Hakumpa cheo cha spishi kamili. Alimwita Agama planiceps mwanzae, maana yake ni tawi la Mwanza la mjusi aitwaye planiceps, "kichwa bapa". Na huyo planiceps ni mjusi wa Namibia, aliyepewa jina na Wilhelm Peters wa Berlin mwaka 1862. Tazama ramani ujionee umbali uliopo kati ya Mwanza na Namibia. Ni kama kumkuta mtu Sirari ukamwambia wewe bila shaka ni mdogo wake fulani wa Windhoek, kwa sababu pua zenu zinafanana. Baadaye wataalamu walimtenganisha, akawa spishi inayojitegemea, mkazi wa mawe ya kaskazini mwa Tanzania na nchi za jirani. Ndiye huyo huyo ambaye watalii wa Serengeti na Maasai Mara wamempiga picha mpaka akazunguka intaneti nzima kwa jina la Spider-Man, kwa ajili ya ule wekundu na buluu.

Swali lililonisumbua ni hili: mtu aliyesomea kazi hiyo anawezaje kumweka mjusi wa waridi na buluu wa Mwanza katika ukoo wa nchi ya mbali hivyo? Jibu nililipata kwenye jambo dogo sana. Chupa.

Enzi zile mnyama hakutambuliwa kwa picha. Alikamatwa, akauawa, akatumbukizwa kwenye spiriti, akafungiwa kibandiko chenye mahali na tarehe, akasafirishwa. Na spiriti inatunza kila kitu isipokuwa rangi. Mjusi wa waridi na buluu akikaa kwenye chupa hugeuka kahawia, kijivu, rangi ya chai iliyopoa. Kwa hiyo mtaalamu aliyekuwa mezani Berlin au London alikuwa na mijusi ya kahawia kutoka Afrika yote. Alichoweza kufanya ni kuhesabu magamba, kupima kichwa, kupima mkia, na kusoma kibandiko. Mijusi inayotofautiana kama jezi za Simba na Yanga ikiwa hai, mezani kwake ilivaa jezi moja.

Ndiyo maana kwa muda mrefu mijusi ya namna hii ya Afrika Mashariki, ile yenye kichwa cha rangi ya chungwa unayoiona kwenye kuta za hoteli Nairobi na Arusha, iliitwa Agama agama, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1758. Leo jina hilo limebaki kwa mijusi wa Afrika Magharibi, na wetu wa kichwa cha chungwa ni Agama lionotus, jina alilotoa Boulenger mwaka 1896 lakini likakaa muda mrefu chini ya kivuli cha lile la kwanza. Na msidhani mambo hayo yameisha. Mwaka 2005 watafiti, akiwemo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walimtangaza mjusi mwingine mpya wa jamii hii, Agama finchi, kutoka Malaba. Malaba! Pale mpakani, kwenye foleni ya malori, ambapo maelfu ya watu hupita wakila mahindi ya kuchoma. Mjusi alikuwepo siku zote juani. Hakuna aliyejua kuwa hana jina.

Kwa hiyo simu yangu ya mkononi ina kitu ambacho wazee wale hawakuwa nacho: rangi ya mnyama akiwa hai, saa yake, jiwe lake, jirani yake. Lakini haina walichokuwa nacho wao. Kwenye picha yangu huwezi kuhesabu magamba ya tumbo, na hakuna damu ya kupima. Nikajifunza pia kwamba rangi yenyewe inadanganya. Dume la mjusi huyu huvaa waridi na buluu akiwa mkubwa wa eneo lake na jua limempasha. Akishikwa na baridi au hofu, anafifia. Na yule wa kahawia niliyemwita mjusi wa kawaida? Mkewe. Nilikuwa na bwana na bibi kwenye jiwe moja, nikawaandikisha kama watu wa makabila mawili.

Kuhusu mtoto wa mamba sitakaa sana, aibu inatosha. Wahenga walishasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, nami nilikuwa nikiutumia msemo huu kwenye habari za siasa bila kufikiri kwamba siku moja utanigeukia. Alikuwa kenge wa majini, yule mkubwa anayeitwa wa Mto Nile. Ukitazama picha sawasawa, shingo ni ndefu, kichwa chembamba kama cha nyoka, na katika picha ya pili ulimi umetoka nje, una ncha mbili. Mamba hana ulimi wa namna hiyo, wala hautoi nje ya mdomo. Kinachochekesha ni kwamba kenge ni mwizi mkubwa wa mayai ya mamba. Nilimwita mtoto wa mtu ambaye kazi yake ni kula watoto wake.

Tuje kwa kobe, maana huyu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Kobe yule kwenye ufa wa jiwe hakuwa mdogo. Alikuwa mtu mzima. Huyu ni kobe bapa, ambaye Waingereza humfananisha na chapati ya maji, na ukimwona utawaelewa. Gamba lake halikuinuka kama kofia ya chuma, limelala, ni jembamba na ukilibonyeza linabonyea kidogo. Hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine akiona hatari. Anakimbia, na anakimbia kweli kwa kipimo cha kobe, anaingia kwenye ufa wa jiwe na kujibana humo ambamo mkono haufiki. Zamani waliamini kwamba anavuta pumzi na kujijaza upepo kama tairi mpaka anakwama. Mwaka 1972 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa sivyo, anajikaza kwa miguu.

Jina lake la kitaalamu ni Malacochersus tornieri. Alitangazwa mwaka 1903 na Friedrich Siebenrock wa Vienna, aliyempa jina la kumheshimu Gustav Tornier wa Berlin, mtaalamu wa watambaazi wa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Na mahali alikotoka kobe aliyetumika kuandika jina hilo ni wapi? Shikeni viti. Busisi.

Busisi hii hii. Ile ya kivuko, tuliyokuwa tukisubiri na jua la saa nane huku dagaa wanatembezwa kwenye madirisha ya mabasi. Ile ambayo tangu Juni 19, 2025 unafika kwa daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo, unapita juu ya maji hata soda hujaimaliza. Katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, ukiuliza kobe bapa kwao ni wapi, jibu la kwanza ni hapo. Nimevuka Busisi mara zisizohesabika, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote kivukoni akilitaja hilo.

Halafu yakatokea yale yale ya mjusi. Yule yule Loveridge alikusanya makobe wa namna hii katikati ya Tanganyika, wakafika London kwa George Boulenger. Mwaka 1920 Boulenger akamtangaza kuwa kobe wa ajabu, mpya kabisa, akamwita Testudo loveridgii. Mwaka 1922 Joan Procter, binti aliyekuwa bado katika miaka ya ishirini na ambaye mwaka uliofuata alikabidhiwa watambaazi wote wa bustani ya wanyama ya London, akaandika utafiti mrefu kuhusu gamba lake, akieleza kwamba ulaini ule si ugonjwa bali ndivyo mifupa yake ilivyoumbwa. Kazi nzuri sana. Lakini kobe mwenyewe alikuwa na jina tayari, tangu miaka 17 nyuma, huko Vienna. Mtu mmoja, vyeti viwili vya kuzaliwa. Kwa kanuni zao jina la kwanza ndilo linaloshinda, kwa hiyo Loveridge akapokonywa kobe wake, na Tornier, ambaye alishaandikwa, akabaki.

Nilimpigia mzee kumweleza haya yote, nikidhani nitamfurahisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao waliowakamata?"

Waliowakamata nani?

"Huyo Mzungu wa Vienna alifika Busisi kuingiza mkono kwenye mawe?"

Ndugu zangu, hili sikuwa nimelifikiria. Kobe huyu hapatikani na mtu anayepita na mwavuli. Lazima ujue ufa upi una kobe na upi una nyoka, na mtu anayejua hivyo ni mwenyeji. Kwenye jina la kobe kuna Tornier. Kwenye lile lililoshindwa kuna Loveridge. Mikono iliyoingia kwenye ufa haimo.

Mzee alinisimulia kwamba baba yake mkubwa alikuwa katika Bayeye. Kwa wasio Wasukuma, Bayeye ni chama cha mafundi wa nyoka, wale wanaocheza nao ngomani, nanyi mnaweza kuwa mmeona ngoma za nyoka Bujora, pale makumbusho ya Wasukuma karibu na Kisesa. Watu wengi huishia kwenye ngoma na kupiga makofi. Lakini kabla ya ngoma kuna darasa. Baba mkubwa, anasema, alifundishwa nyoka kwa mahali anapolala, kwa namna anavyovuka njia, kwa alama anayoacha mchangani, na kila nyoka alikwenda na dawa yake. Yupi ni chatu, yupi ni fira, yupi ni koboko, yupi ni kifutu. Ukikosea jina la nyoka kwenye darasa lile hupewi sifuri. Unazikwa. Mimi nilikosea jina la mjusi nikapigiwa simu ya upole.

Elimu hiyo iliandikwa kidogo. Hans Cory, mwenye asili ya Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha makala kuhusu chama hicho mwaka 1946, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Kiingereza, bila shaka. Hata kitabu kikubwa cha kutambulia watambaazi wa Afrika Mashariki, cha Spawls, Howell na wenzao, kilichotoka mwaka 2002 na tena mwaka 2018, kitabu ambacho bila hicho nisingeandika aya hata moja ya haya, ni cha Kiingereza. Kim Howell alifundisha Dar es Salaam, kwa hiyo si kazi ya watu wa mbali tu. Lakini mpwa wangu hawezi kukisoma, na ndiye aliyeuliza.

Sasa niseme kilichonikwamisha.

Baada ya aibu ya mjusi, nilitaka kujisafisha kwa kobe. Nilikuwa na picha nzuri, nilikuwa na historia ya Busisi, nilikuwa na kichwa cha habari tayari. Nikamwambia mzee kwamba nitaiweka picha na kueleza hatua kwa hatua ilipopigwa, kwa sababu nimeshajifunza kwamba mnyama bila mahali hatambuliki. Je, si mahali ndipo kila kitu kilipoanzia? Mwanza, Namibia, Busisi, Malaba, vibandiko vile vya kwenye chupa?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Usiwaonyeshe jiwe."

Akanieleza. Kobe huyu hutaga yai moja kwa wakati mmoja. Moja. Na ufa unaomfaa si kila ufa. Wafugaji wa wanyama wa ajabu Ulaya, Marekani na Asia walimpenda sana, na kwa miaka mingi walisafirishwa kutoka huku kwa wingi, wengine kihalali, wengine kwenye mabegi. Wakusanyaji walipomkosa kwa mkono walivunja jiwe, na jiwe likivunjika kobe mwingine hana pa kuhamia. Mkataba wa CITES ulimweka kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa mwaka 1975. Mwaka 2019 akapandishwa kwenye orodha ya juu kabisa, ile inayopiga marufuku biashara ya waliotoka porini, na mwaka huo huo akatajwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

"Zamani walihitaji mwenyeji wa kuwaonyesha," mzee alisema. "Siku hizi wana simu yako."

Nilipokata nilifungua ile picha na kutazama maelezo yake. Yalikuwa humo. Simu ilikuwa imeandika latitudo na longitudo ndani ya faili, tarakimu baada ya tarakimu, bila mimi kuiambia. Kibandiko cha chupa kiliandikwa "Busisi" tu, neno moja, ungeweza kutafuta miezi. Picha yangu ilikuwa inampeleka mtu mpaka kwenye ufa wenyewe. Na nilikuwa nimeshaituma kwa watu watatu kujigamba.

Nimewapigia wote watatu. Wawili wamefuta. Wa tatu anasema hata hakuifungua, alidhani ni picha ya jiwe, na ninaomba Mungu iwe kweli.

Kwa hiyo hapa leo hamtaiona picha ya kobe. Ya mjusi ipo, na safari hii maelezo yake ni haya: Agama mwanzae, dume, Saanane, saa sita na nusu mchana. Gazetini niliomba masahihisho yatoke. Yalitoka, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la matairi.

Mpwa wangu alipewa kazi shuleni ya kuchora wanyama watano aliowaona na kuandika jina na mahali. Nikamsaidia, kwa adabu safari hii, tukimpigia mzee tulipokwama. Pimbi, Saanane. Kenge, Saanane. Mjusi wa Mwanza, Saanane. Swala pala, Saanane. Kobe akamchora bapa kama chapati, jina akaandika "kobe wa Busisi", na kwenye mstari wa mahali akaacha wazi. Daftari limerudi jana. Pale palipo wazi mwalimu ameweka alama ya kuuliza, kwa kalamu nyekundu.